Jina Alilompa Nyoka Jike

Kaka yangu Fachtna alipostaafu kuendesha lori la maziwa, sote tulidhani atanunua mbwa. Mwanamume wa miaka sitini na nne, hana mke, hana mtoto, anaishi peke yake katika nyumba ya baba yetu hapa Roscommon, Ayalandi. Mbwa angemfaa sana. Wapi! Alikwenda mjini Athlone kwa basi akarudi na nyoka wawili ndani ya sanduku la viatu, wale wekundu wanaoitwa nyoka wa mahindi, wasio na sumu, wanaokula panya waliogandishwa. Panya wenyewe anawaweka kwenye friji, pembeni ya siagi. Tangu siku hiyo mimi nikienda kwake naenda na siagi yangu.

Nisimsingizie mtu, Fachtna alikuwa wa kupendwa. Miaka thelathini na moja alikusanya maziwa ya wakulima na hakuna siku aliyomchelewesha mtu. Ukiugua, lori lile kubwa litasimama mlangoni kwako na yeye atashuka na dawa zako mkononi. Mume wangu Colman alipofariki, ni Fachtna aliyechimba viazi vyangu msimu mzima bila kuombwa. Nilimwamini kuliko padri. Ndiyo maana naongea kwa hasira. Mtu usiyemwamini atakufanya nini?

Kulikuwa na jambo moja tu kati yetu. Mwaka 1966 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, akiwa hana uhai. Colman alikuwa Uingereza kwenye kazi za ujenzi. Enzi zile mtoto asiyebatizwa hakuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Wanaume wa nyumbani walimfunga kwa kitambaa, wakamtia kwenye kisanduku cha mbao na kumpeleka alfajiri mahali pasipo msalaba, alama ni mawe tu, na mama hakuruhusiwa kwenda. Baba alibeba kisanduku, Fachtna alishika koleo. Kabla hawajatoka nilimvuta Fachtna mkono nikamnong'oneza jina, la zamani, nililolisikia kwa bibi. Nikamwambia, "Padri hatalisema. Liseme wewe."

Sikumwambia mtu mwingine, hata Colman. Baba alikufa mwaka 1981 bila kunionyesha mahali, na nilichotaka maishani ni hicho tu, kujua mwanangu kalala wapi, nimpelekee hata ua. Nilimuuliza Fachtna mara ngapi! Jibu lake halikubadilika: "Dada, siku ile nilikuwa nimelewa. Njia siikumbuki, hata hilo jina limenitoka." Nami nikamwonea huruma. Mimi ndiye niliyemwonea huruma yeye!

Basi, Jumapili moja baada ya misa, Fachtna akituendesha katika gari langu kama kila Jumapili, tukaenda kula kwake, mimi na binti yangu Sorcha. Packie, jirani mwenye mdomo, alikuwepo pia, maana nyama ya nguruwe na kabichi ikiiva popote yeye huipata. Ajenda ya siku ilikuwa majina ya nyoka.

"Mtakatifu Patrick alihangaika nchi nzima kuwafukuza nyoka," akasema Packie, "wewe unawarudisha kwa basi!"

"Ndiyo maana nawapa majina ya Kiayalandi," akajibu Fachtna. "Wakiitwa kama sisi, nani atawafukuza tena?"

"Basi dume mwite Packie," akasema Sorcha. "Wote wawili wanameza bila kutafuna."

Tulicheka, nami nilicheka, sikatai. Dume akaitwa Fiachra. Kwa jike Sorcha akapendekeza Gráinne, Packie akasema Bríd, Fachtna akakataa kwa sababu Bríd ni shangazi yetu na bado ana nguvu za kushika fimbo. Kisha akafungua sanduku la kioo wanamokaa, akamtoa yule jike, akamwacha ajizungushe kwenye mkono wake.

"Huyu nimeshampa," akasema. "Lasairíona."

Niliweka uma chini.

"Lo, jina zuri hilo, mjomba!" akasema Sorcha. "Mama, mbona hukunipa mimi?"

Nilimgeukia kaka yangu. "Fachtna," nikasema, "hilo jina umelitoa wapi?"

"Limenijia tu, dada."

"Limekujia kutoka wapi? Kijiji hiki hakijawahi kuwa na mtu wa jina hilo, isipokuwa mmoja. Na wewe uliniambia umelisahau."

Masikio yake yakaiva. Akamrudisha nyoka taratibu, akafunga kifuniko, akakaa akitazama sahani yake.

"Nilidhani wewe ndiye umesahau," akasema. "Miaka yote hiyo hujalitaja. Nikaona linapotea bure."

"Linapotea bure? Kwa hiyo ukampa mla panya! Nilikuomba ulitunze, Fachtna, na ulikuwa nalo miaka thelathini na minane! Umenidanganya usoni, muongo mkubwa wewe!"

Packie alichukua kofia yake akatoka, na nyama akaiacha. Sorcha alinishika bega. "Mama, tunamzungumzia nani?"

"Dada yako," nikamwambia. Akakaa chini. Nikamgeukia Fachtna. "Kama jina unalikumbuka, na njia unaikumbuka. Vaa koti. Unanipeleka sasa hivi."

Hakuinuka. Nilimpokonya sahani nikaibwaga kwenye sinki, ikapasuka, na bado hakuinuka.

"Hakuna pa kwenda, Attracta," akasema. "Baba alipofariki niliiuza ile kona ya shamba. Walikuwa wanapanua barabara. Wale watu waliniuliza kabla ya kuleta tingatinga, hapa pana kitu chochote? Niliona haya kusema. Nikawaambia hapana kitu."

"Ukawatazama wakichimba?"

"Niliwatazama."

"Yale mawe je? Yule mtoto je?"

Akafunika uso kwa mikono yake miwili. Alilia, nami sikumgusa. Kaka yangu wa damu, na sikuona sababu ya kumgusa.

"Kona ipi?" nikauliza.

"Ile kabla ya daraja. Upande wa kushoto, ukienda kanisani."

Miaka ishirini na mitatu nimepita juu ya mwanangu kila Jumapili nikienda kumwombea. Hata asubuhi ile nilikuwa nimepita, na aliyeshika usukani alikuwa Fachtna.