Siku Tatu na Sanduku la Choo

Nilikuwa Form Two mjomba wangu aliponipeleka Uganda kupiga makasia kwenye Mto Nile. Alikuwa dereva wa lori la watalii. Wawili kati yao waliugua njiani wakabaki hotelini, sisi tukapewa nafasi zao. Kabla nitoke Kitengela, mama alinionya jambo moja tu: "Usimwaibishe ndugu yangu mbele ya wageni wake."

Mto wenyewe sitausifu. Kofia niliyovalishwa ilikuwa na nywele za watu wengine ndani, na jaketi la kuelea lilinuka makwapa. Boti ilipoingia kwenye maji makali, Wazungu wanne walishangilia. Mimi nilitapikia kando, mjomba akajifanya hajaona.

Jioni ya kwanza tulilala kisiwani. Kiongozi wa boti, Mganda aliyejua Kiswahili, akashusha sanduku la bati lenye mfuniko.

"Choo ndicho hiki," akasema. "Hapa hatuachi kitu. Kila kitu tunarudi nacho."

Akaliweka nyuma ya vichaka, na mwanzo wa njia akasimamisha kasia moja. Ukienda, unaenda nalo, ndio wengine wajue kuna mtu. Mama mmoja Mzungu alilibeba begani akiimba, akarudi, akashika mkate wa wote. Mimi mkate huo sikuugusa.

Kesho yake sanduku lilifungwa kwa kamba botini, nyuma ya mgongo wangu. Kila wimbi likigonga, nasikia vitu vikicheza ndani.

Kwetu mtu hatangazi. Unatembea tu mpaka ng'ambo ya ua wa miiba, na hakuna anayeuliza. Kwa hivyo nilijizuia, siku ya kwanza na ya pili, mpaka tumbo likawa gumu kama ngoma.

"Entito," mjomba akaniita, yaani msichana kwa lugha yetu, "mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, maji?"

Alfajiri ya siku ya tatu nilishindwa. Nikaenda upande wa pili wa kisiwa tulicholala usiku ule, nikamaliza, nikafunika na majani. Kugeuka hivi, kiongozi huyu hapa, amebeba sufuria za kuosha. Akageuka, akanitangulia kurudi. Nilipofika kwenye mahema, alikuwa amesimama na sepetu mbele ya watu wote.

"Dada, rudi ukachukue. Ni sheria."

Wazungu wakaacha kutafuna. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Lete hiyo kitu."

"Lakini mzee, si wewe uliye—"

"Nimesema lete."

Mjomba akachukua sepetu na sanduku, akatangulia, nami nikamfuata. Aliniuliza ni wapi, nikamwonyesha yale majani na kugeuza uso. Nikasikia sepetu ikikwaruza udongo. Halafu mfuniko wa sanduku ukafunguliwa, na harufu yetu sote ya siku tatu ikanifikia kooni. Mjomba hakutema mate, hakukohoa. Alienda mtoni akasugua mikono kwa mchanga, muda mrefu sana.

Tulikuwa bado hatujasalimiana asubuhi ile. Kwetu mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akamgusa utosini. Akaja kwangu mkono ukiwa umeinuliwa, maji yakidondoka vidoleni. Nilijua nifanye nini. Badala ya kuinama nikarudi nyuma hatua moja.

Aliona. Akaushusha mkono, akaupangusa kwenye suruali, akaenda kufunga kamba za boti.