Njia za Kwenda Uholanzi kwa Mama Mdogo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kilburn, kwa Waingereza, kwenye nyumba za kupanga, watoto wanne chumba kimoja, kwenda Uholanzi ilikuwa safari. Siyo hii ya siku hizi, mtu anaamka, anagusa simu mara tatu, na mchana anakutumia picha ya jibini. Sisi tulianza kusafiri wiki mbili kabla. Mama alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akaliacha wazi katikati ya sebule, na kila aliyekwenda jikoni aliliruka. Watu wetu wote, mpaka wale wa Queensbury, walipata habari kwamba tunaondoka, na kila mmoja alileta salamu za kupeleka. Salamu za watu wetu, kama mnavyojua, zina uzito wa kilo mbili na zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Tulikwenda kila likizo ya kiangazi kwa mama mdogo Rehema, mdogo wake Mama, aliyeolewa na Mholanzi mmoja mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini wageni wake wakisema "haya, sisi tunakwenda" wanabaki wamekaa saa nzima. Walikaa mji mdogo wa pwani. Hawakujaliwa mtoto.

Njia zilikuwapo hata wakati ule, msidhani tulikwenda kwa ungo. Kulikuwa na ndege, ambayo Baba alisema ni usafiri wa watu wasio na ndugu, maana haichukui mizigo. Kulikuwa na basi, lililozunguka Ufaransa na Ubelgiji mpaka viatu vikagoma kuingia miguuni. Na ile treni ya chini ya bahari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Baba aliitazama kwenye televisheni, mikono kaikunja.

"Chini nitakwenda nikifa," alisema. "Ningali hai, napita juu."

Basi tukapita juu. Treni ya asubuhi hadi Harwich, kisha meli kutwa nzima, yenye harufu ya dizeli na chipsi. Mama alitandika kanga kwenye zulia la meli, katikati ya mashine za kamari, akaanza kutoa vitu: maandazi, kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Watoto wa Kiingereza walikuja kusimama mbele yetu wakidhani ni sehemu ya burudani, na waliondoka na andazi moja moja. Kaka yangu alitapika kila mwaka, mahali palepale, mbele ya duka la manukato. Wauzaji nadhani walimzoea.

Upande wa pili mama mdogo alikuwa anatusubiri na baiskeli. Nchi nzima ile tambarare kama sinia, na watu wake wanaendesha baiskeli kwenye mvua wamenyooka utadhani wamemeza fagio. Mama alipakiwa kwenye keria, amekaa upande, buibui kalikusanya magotini, mchele wa salamu za watu kaukumbatia.

"Rehema, taratibu! Mimi nina watoto!"

"Hata mimi ninao," alijibu mama mdogo bila kugeuka. "Si ndio hawahawa!"

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kuondoka. Kijana wa leo ukimwambia neno kusindikiza anadhani ni kukuitia teksi kwa simu. Kwetu mgeni haachwi mlangoni, anasogezwa. Unamsogeza mpaka kona, kwenye kona mnakumbuka habari ambayo hamkuimaliza, mnaimaliza mpaka kituoni, na kituoni ndipo mnaanza kuulizana habari za watu wa nyumbani Tanga, mmoja mmoja.

Mwaka mmoja, nikiwa na miaka kama kumi, mama mdogo alitusindikiza akiwa na kandambili na aproni, maana alisema anafika nje tu. Akafika kituoni. Akapanda ndani ya treni atuwekee vizuri masanduku. Akakaa kidogo amalizie habari ya harusi ya mtu. Filimbi ikalia, milango ikajifunga, na mama mdogo Rehema akaondoka nasi na aproni yake.

Tulishuka kituo kilichofuata, kituo kidogo chenye benchi la chuma na uzio wa maua mekundu. Baba alikuwa na zamu kesho yake, alikuwa anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitali, na alitaka mama mdogo apandishwe treni ya kurudi, sisi tuwahi meli. Mama akamtazama kama asiyemjua.

"Yaani tumwache mtu arudi peke yake na kandambili?"

Tukamsindikiza kwake. Meli ikaondoka bila sisi. Baba alinuna mpaka kesho yake mchana, ila wale ndugu wawili walicheka njia nzima, wameshikana, hadi yule Mholanzi akatoka nje kuuliza nani amefariki.

Sasa sikilizeni ya juzi. Baba alishatangulia, Mungu amrehemu, na Mholanzi naye. Mama anakaa nami Edmonton, si mbali na Kilburn, ana miaka sabini na nane na magoti yanayotabiri mvua. Mama mdogo amebaki peke yake kwenye nyumba ileile, na daktari amemwambia moyo umepanuka. Alipiga simu, akasema hana shida yoyote, akasema hivyo mara nne. Mama akaenda kuvuta sanduku.

Mipango ikashikwa na binti yangu Nasra, miaka kumi na saba, mtaalamu wa safari ambaye hajawahi kubeba mzigo wa mtu. Alikaa kwenye kochi, viatu juu, akatusomea njia zote kwenye simu kama anayesoma matokeo ya mpira. Ndege kutoka viwanja vinne, lakini begi lisizidi ukubwa wa paka. Basi. Meli ipo mpaka leo. Treni ya chini ya bahari, moja kwa moja mpaka Rotterdam.

"Meli," alisema Mama.

"Bibi, no! Meli ni kutwa nzima. Treni ni three hours, unalala kidogo, umefika."

"Nilale nini? Nimechoka?"

Mama akashindwa. Nasra akakata tiketi za treni, kwenda na kurudi, zote mbili kwenye simu yangu, za siku na saa maalumu zisizobadilika. Kisha akapunguza sanduku. Samli ikatoka, achari ikatoka, mchele ukatoka. "They have rice in Holland, Bibi." Mama akabaki na maandazi tu, na alikuwa mnyonge kweli, kama mtu anayepelekwa msibani bila ubani.

Stesheni ya St Pancras, Nasra alitusindikiza kwa namna ya kizazi chake. Alisimama kabla hatujafika kwenye geti la kuingilia, akainua mkono wenye simu. "Text me, yeah?" Akageuka. Mama akamtazama mgongo mpaka ukapotea.

"Huyu ametusindikiza au ametufukuza?"

Chini ya bahari Mama alifumba macho, akasoma dua zote anazozijua, na alipofumbua alikuta ng'ombe wa Ufaransa. "Bahari iko wapi?" akauliza. Nikamwambia tumeshapita. Alikasirika, na nilimwelewa: nani anavuka bahari bila kuiona?

Mama mdogo alitupokea na kigari chake cha umeme cha wazee. Alikikimbiza kwenye njia ya baiskeli, kengele mkononi, vijana wakimpisha. Nilicheka, halafu nilipomwona akishuka nilinyamaza, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na kutoka kigarini hadi mlangoni alipumzika mara mbili. Tulikaa siku nne. Mama alipika, akapanga dawa za mdogo wake, akanuna kila nilipotaja saa ya treni. Usiku niliwasikia wakinong'ona chumba kimoja kama wasichana wa bweni.

Siku ya kurudi mama mdogo akatusindikiza mpaka kituoni na kigari. Kupanda hakuweza. Niliingiza masanduku mawili, Mama akasimama mlangoni, ameinama, ameshika mkono wa mdogo wake aliye chini, habari ya mtu fulani wa Tanga haijaisha. Mlango ukaanza kulia. Na Mama, ambaye ngazi tatu za Edmonton humchukua robo saa, akashuka. Hakuanguka wala hakuteleza. Alishuka, mlango ukajifunga, treni ikaondoka na mimi.

Simu ikalia.

"Zuhura mwanangu, umekaa?"

"Mama! Umefanya nini? Tiketi..."

"Tiketi si iko kwenye simu yako? Basi ikae humohumo. Mimi namsindikiza Rehema."

"Mpaka lini?"

"We unadhani mwaka ule Rehema hakuisikia ile filimbi?"

Akakata. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi nilimwona akihamisha dawa zake za presha, zote, kutoka sandukuni kwenda kwenye pochi.

Nasra aliandika kuuliza kama nitafika kabla ya chakula cha jioni. Nilikaa na ile simu mkononi, zamu yangu ya wodini kesho asubuhi, kiti cha Mama kitupu, na nikaona haya kidogo. Enzi zetu kufika kulituchukua siku nzima, na kuondoka siku mbili. Siku hizi tunafika haraka sana, na kila mmoja anaondoka peke yake, na mimi niliyekuwa namcheka Nasra ndiye niliyekuwa nimekaa miguu nimeitandaza, nimefunga mkanda wa koti, tayari kwenda zangu.

Treni ikapunguza mwendo kwenye kituo kilekile cha mwaka ule. Benchi la chuma lilikuwa palepale, uzio wa maua mekundu umeng'olewa, wameweka mashine ya tiketi. Mlango ulipolia nikabeba masanduku yote mawili, nikashuka.