Siku Mkwe Wangu Aliponibeba Mgongoni

Nawasalimu nyinyi mnaoishi na kisukari, na nyinyi mnaoishi nasi mkituvumilia. Sitasema mengi. Nimechoka. Miaka ishirini na sita ya sukari huchosha hata ulimi.

Nilikuwa karani wa kaunsili, na nyumba yangu iko mtaa wa Ziwani. Nilijidunga insulini mara nne kwa siku mpaka kaka yangu aliye ng'ambo akaniletea pampu. Ni kidude cha ukubwa wa simu ya zamani, nakifunga kiunoni, kinatoa insulini kidogo kidogo kupitia mrija ulioingizwa kwenye ngozi ya tumbo. Mrija hubadilishwa kila baada ya siku tatu. Nikasahau sindano. Nilidhani sasa nimepumzika.

Mwaka jana binti yangu Lydia alimzaa Neema kwa upasuaji, nikaenda kwake mtaa wa Fedha kumsaidia wiki moja. Sisi ni watu wa magharibi mwa nchi. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye, hampi mkono, wala hajilazi mbele yake. Basi nililala kwa jirani yao, mama wa kanisa, na mchana nilishinda kwa Lydia nikipika uji na kufua nepi. Nilikuwa nimebeba unga wa wimbi, kuku wawili na shali ya mtoto. Mrija wa akiba nilibeba mmoja tu. Kalamu ya kujidungia insulini niliiacha kwenye friji Ziwani.

Siku ya tatu asubuhi nikabadilisha mrija mbio mbio, maana Lydia alikuwa anapeleka mtoto kliniki. Nikabaki na mkwe wangu Wafula, aliyekuwa likizo. Saa tano pampu ikaanza kulia. Nikaingia bafuni, nikafunua gauni. Mrija ulikuwa umejikunja chini ya plasta na insulini inamwagika nje, hainiingii. Nikapima sukari, ishirini na mbili, na kawaida haifai kupita kumi. Na mrija mwingine sina.

Ningemwambia Wafula aende Ziwani. Lakini friji yangu iko chumbani. Mkwe aingie ninapolala, apite kando ya kitanda changu? Nimweleze habari za tumbo langu? Aibu ilinishika. Nikazima pampu isipige kelele, nikasema nitamngoja Lydia.

Kiu ikaja. Nilikunywa maji jagi zima, nikakojoa yote, nikaanza kutapika.

"Mama, uko sawa?" Wafula akauliza akiwa nje ya mlango.

"Niko sawa, Baba Neema. Chai imenikataa tu."

Uongo mtupu. Nikarudi sebuleni nikakaa wima kwenye kiti cha mbao, kwa kuwa kwenye kochi la mkwe sikuthubutu kujilaza. Pumzi zikawa za mbio. Ulimi ulikauka ukashika kaakaa. Tumbo liliniuma kama uchungu wa kuzaa. Nilikuwa nimewahi kulazwa kwa hali hiyo, kwa hiyo nilijua: insulini ikikosekana saa kadhaa, damu hujaa asidi na mtu hufa. Nilijua, na bado nikakaa. Mpaka leo namkasirikia yule mama aliyekaa pale.

Saa nane nikaanguka sakafuni. Nilimsikia Wafula akimpigia Lydia. "Mathe wako ameanguka. Nifanye nini? Siwezi kumshika."

Lydia akafoka hadi nikamsikia kwenye simu. "Wewe, mbebe! Unataka nimzike na heshima yako?"

Akanibeba mgongoni kutoka ghorofa ya nne, lifti hakuna. Nilimtapikia shingoni. Kila ngazi alisema, "Nisamehe, mama. Nisamehe, mama."

Hospitalini daktari, msichana mdogo tu, aliniuliza, "Ulijua mrija umeharibika?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Nilimwangalia Wafula mlangoni, shati limelowa matapishi yangu. Nililazwa siku tano, dripu mikono yote miwili.

Wazee walisema tumevunja mwiko, lazima achinjwe kuku. Tulichinja, tukala. Sina ugomvi na wazee.

Ila wewe unayevaa pampu, nisikilize. Ni mashine, itaharibika. Ukitoka kwako beba mirija ya kutosha, na kalamu au sindano ya kawaida juu yake. Sukari ikipanda usiingoje ishuke yenyewe. Na mwambie aliye karibu, hata awe nani kwako. Namshukuru Mungu aliyenipa binti mwenye mdomo.

Bado nimechoka, sitawadanganya. Jumapili iliyopita nilimfundisha Wafula kunidunga. Nilikaa kwenye kochi lake, nikafunua tumbo mwenyewe. Alishika sindano, uso ameugeuzia ukuta.

Nikamwambia, "Geuka, mwanangu. Usiponitazama nitakufa."