Nyumba Iliyokutwa Baharini
Mkaguzi wa ramani huzungumza na makosa. Kila asubuhi, katika ofisi yao ya Ukunda, hupangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kikoi, huinama mpaka pua ikaribie kukigusa, kisha huanza. Barabara iliyopita katikati ya msikiti huiuliza, "Wewe, hata viatu hukuvua?" Mto unaopanda mlima huuambia, "Nani aliyekufukuza?" Twaiba, wa meza ya pili, alikuwa akicheka kila mara.

Leo alama nyekundu ya kosa iliwaka kwenye kijiji cha Vanga: nyumba ndani ya bahari. Mkaguzi akampigia simu mpimaji. "Tembo, umemjengea nani kwa samaki?" "Sikukosea, mzee," Tembo akajibu. "Nilisimama mlangoni, maji yakanifika magotini. Wenyewe bado wanalala humo." Mkaguzi akakata simu. Kanuni za kompyuta hazikubali nyumba baharini, na ufuo, uliochorwa kwa picha mpya za setilaiti, yeye haruhusiwi kuugusa. Akaikokota nyumba polepole mpaka kwenye mchanga mkavu, akaiachia. Wekundu ukazimika. "Ile ni nyumba ya shangazi yangu," Twaiba akasema. Mkaguzi akakipangusa kioo, ingawa kilikuwa safi. "Sasa haina kosa," akasema, bila kugeuka. Jioni ramani ikapelekwa kwa wakubwa wanaoamua wapi pajengwe ukuta wa kuzuia maji. Haikuwa na kosa hata moja, na Vanga haikuwa na nyumba hata moja iliyofikiwa na bahari.