Kipimo Kilichogandisha Foleni

Asubuhi hiyo chai ya Fundi ilipoa bila kuguswa. Programu ya kuandikisha wagonjwa, aliyoihangaikia miaka miwili, ilikuwa inaganda. Inakwenda vizuri, mara kimya. Kioo kinakutazama, nawe unakitazama. Sababu aliijua nusu. Programu yoyote hujaza kumbukumbu ya kompyuta takataka zake, zikizidi husimama ifagie. Lakini nani aliyekuwa akimwaga takataka nyingi namna ile? Na Mganga Mkuu alishasema: ikifika saa saba bado inaganda, zahanati inarudi kwenye mafaili ya karatasi, na Fundi anarudi kwao.

"Rekodi kila kitu," alimwagiza. "Sitaki kubahatisha."

"Lakini mzee, kipimo cha kurekodi nacho kinakula nguvu za..."

"Kila kitu, Fundi!"

Haya. Akawasha kipimo chote. Loo! Programu iliyokuwa ikiganda mara mojamoja sasa haikutembea kabisa; kila hatua ilisimama kwanza ijiandike. Foleni ikafika getini. Babu mmoja mwenye mkongojo akauliza kama anaandikishwa yeye peke yake au ukoo mzima. Ndani ya robo saa kukawa na mistari laki tatu ya kusoma, na Fundi alipochungulia, takataka nyingi zilikuwa za kipimo chenyewe!

Akapiga meza. "Hii mashine itanitia wazimu!"

"Mtaka yote hukosa yote," alisema mama wa mapokezi, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Akamsukumia kijidaftari kilichokunjamana. "Wiki nzima kiko hapa. Hujaniuliza."

Ndani mlikuwa na saa tu. Saa mbili na dakika tano. Saa tatu na dakika tano. Saa nne na dakika tano.

"Mbona machache hivi, Shangazi?"

"Naandika ikigoma tu, mwanangu. Ikifanya kazi niandike nini, kwamba jua limechomoza?"

Fundi akashika kichwa. Akazima kipimo kikubwa. Foleni ikaanza kusogea. Akaacha kidogo tu: kiamke saa tano na dakika nne, kidonoe kitu kimoja katika kila mia, kisha kilale.

Saa tano na dakika tano programu ikaganda, na kwa mara ya kwanza Fundi akafurahi. Mistari ilikuwa mia mbili na ushee, karibu yote ikitaja picha za wagonjwa. Kila saa, ripoti ya Mganga Mkuu ilibeba picha za wagonjwa wote wa miaka miwili, ili itoe tarakimu sita.

"Nani aliomba picha?" Mganga Mkuu aliuliza.

"Wewe, mzee. Ulipoagiza ripoti ulisema kila kitu."

Mganga Mkuu akakohoa kidogo. "Basi ziondoe."

Ilipofika saa sita na dakika tano, Shangazi alikuwa ameshika kalamu tayari. Dakika ya sita ikapita, ya saba nayo ikapita. Akafunika kalamu.

"Anayefuata!" akaita, na babu wa mkongojo akasogea.