Fyuzi ya Thelathini

Wateja walimwita Mama Hapana, na jina likamkaa. Katika mafundi umeme wa magari hakuna aliyewakatalia watu kama alivyowakatalia yeye. Fyuzi inaungua kila siku? Wenzake hutia kubwa zaidi, gari likaondoka, maneno yakaisha. Yeye hapana. Fyuzi, angekwambia, imewekwa ikatike kabla nyaya hazijaungua. Ukitia isiyokatika, umeuchagulia moto pa kuanzia. Mdomo huo ulikuwa wapi, basi, siku kaka yake alipoleta teksi yake?

Fyuzi ya ampea kumi na tano ilikuwa imeungua mara tatu asubuhi ile. Nyuma ya dashibodi kulikuwa na waya uliochubuka ukigusa chuma, na mtaka cha uvunguni sharti ainame: kazi ya siku nzima.

"Dada, nina abiria saa nane. Niwekee yoyote tu."

"Kaka, hiyo haifai."

"Unanikatalia hata mimi?"

Hapo hakuweza kukataa. Kaka huyu ndiye aliyeacha shule akaenda kubeba mizigo ili yeye asomee ufundi. Akachomeka ya thelathini.

"Jumatatu uilete, nifungue."

Hakuileta. Fyuzi haikuungua tena, na mwenye gari linalotembea hamtafuti fundi. Wiki ya saba nyaya ziliyeyuka, dashibodi ikashika moto, kaka akatolewa akiwa hai, mikono imeungua hadi viwikoni. Vidole havikushika tena usukani, wala kijiko.

Miezi miwili dada alimlisha, huku akimsikia akiwaambia wageni kuwa magari ya siku hizi ni takataka, lakini dada yake ni fundi haswa. Heri angetukanwa. Mchana mmoja akashindwa kuzimeza sifa zile. Akamweleza yote.

Kaka akamgeukia.

"Ulijua inaweza kuunguza gari?"

"Nilijua."

"Kuna mwingine uliyewahi kumwekea?"

"Hakuna. Ni wewe tu, kaka, kwa sababu ni wewe."

"Watu baki wote wazima," alisema polepole, "mimi wa tumbo moja ndio hivi."

Akafumba mdomo, akageukia ukutani. Chakula kilipoa. Siku hiyo hakula, wala ya pili yake, mpaka mama yao alipokuja akakishika kijiko yeye.