Mchango wa Mafuta

Nilipostaafu udereva wa malori nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuringia: sijawahi kugonga. Nilipakia mizigo Isaka nikaifikisha Kigali, Bujumbura, hata ng'ambo ya mpaka wa Kongo, masika na kiangazi, na kila mara trela langu lilirudi na taa zake zote. Kwa hiyo siku nilipoingia ofisi ya bima hapa Geita, ufunguo wa gari langu la kwanza mfukoni, niliingia kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake.

Binti wa ofisini aliniamkia vizuri, akanivutia kiti, akaniuliza nataka bima ipi. Nikamwambia nataka kubwa. Bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, wewe na gari lako mnabaki kutazamana. Kubwa inalitengeneza na gari lako pia. Barabarani nimeona magari mengi yametelekezwa, majani yameota hadi kwenye injini, kwa sababu mwenye gari alikuwa na ndogo. Na gari hili sikulinunua kwa fahari. Mke wangu ana kidonda cha sukari mguuni. Kila mwezi anatakiwa kliniki Mwanza, na mguu ule haukubali tena kukunjwa ndani ya basi. Gari likiharibika nikashindwa kulitengeneza, atakayeumia ni yeye. Nilimweleza binti haya yote ingawa hakuwa ameniuliza.

"Baba, umewahi kukata bima kwa jina lako?"

Nikamwambia nimeendesha malori tangu yeye hajazaliwa, na sijawahi kugonga hata mbuzi.

"Hongera, baba. Lakini malori yalikuwa ya nani?"

"Ya tajiri."

"Basi hilo punguzo la kutopata ajali lilikuwa la tajiri."

Kwetu madereva, tajiri ni mwenye gari, hata kama anadaiwa na muuza chai. Na tajiri wangu ndiye aliyekuwa akikata bima. Kila ng'ombe niliyemkwepa, kila mlevi wa baiskeli niliyempisha Runzewe nikiwa nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, nilikuwa nampunguzia yeye gharama. Mbele ya kompyuta ya yule binti mimi nilikuwa mgeni barabarani. Nilikasirika, na nilimwonyesha kwamba nimekasirika, jambo ambalo halikunipunguzia hata shilingi.

Akaendelea. Nani mwingine ataendesha? Nikamtaja binti yangu, mwalimu, aliyepata leseni juzijuzi. Akanieleza kwa upole kwamba kila ajali ina kiasi ambacho mwenye gari huchangia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chake, na dereva akiwa mchanga kiasi hicho kinapanda. Nikasema basi binti yangu asiliguse gari. Mpaka leo akija kututembelea analipita pale uani bila kulitazama.

"Na matumizi, baba? Binafsi au biashara?"

Hapo kwenye benchi walikuwepo wenzangu watatu wakisubiri zamu. Mmoja alikuwa kijana anayenunua dhahabu kwa wachimbaji, ana gari jipya linalong'aa, naye alikuwa anakata bima ndogo, eti shida yake ni polisi akiingiza namba ya gari kwenye simu yake aone bima iko hai, basi. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi mwenye duka la vipuri, magari yake yote yana bima kubwa, na yeye peke yake ndiye aliyeletewa chai. Wa tatu alikuwa dereva wa mchomoko, haya magari madogo yanayochomoa abiria stendi kabla basi halijajaa, anapiga Katoro na kurudi kutwa nzima. Huyu ndiye aliyenisogelea.

"Mzee, andika binafsi," akaninong'oneza. "Biashara ni bei mbaya. Mimi mwenyewe nimeandika binafsi. Nani atajua?"

Nikamjibu kwa sauti, ofisi nzima isikie, kwamba mimi sidanganyi, gari langu ni la binafsi kweli. Niliuza ng'ombe dume mmoja aliyekuwa kwenye zizi la kaka yangu kule Shinyanga vijijini, nikalipa bima kubwa ya matumizi binafsi. Nilitoka pale kifua mbele.

Sasa, mtaani kwetu Kalangalala hakuna gari la mtu mmoja. Ukishakuwa na gari, una gari la mtaa. Tangu lile daraja la kuvuka ziwa lifunguliwe, Mwanza imekuwa karibu, na kila siku ya kliniki kulikuwa na mtu anayetaka kwenda huko: huyu binti yake kajifungua, yule anapeleka gunia la mchele. Lakini wa kudumu alikuwa mmoja, jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane, rafiki wa mke wangu tangu wote wawili hawajaota mvi. Huyo alikuwa anakwenda kwa ajili ya mke wangu. Mimi naishia mlangoni, chumba cha kufungia vidonda kina wanawake tu. Yeye ndiye anayeingia naye, anamshika mkono kwenda chooni, anasikiliza nesi anavyoelekeza, maana mke wangu Kiswahili cha haraka kinampita, lugha yake ni Kisukuma. Bila huyo mama, kumpeleka mke wangu kliniki ni kumpeleka nusu.

Na kila safari, kabla sijawasha gari, waliopanda walinipa mchango wa mafuta. Hakuna aliyepanga bei. Kila mtu anatoa alichonacho, anakiweka pale karibu na gia, na mazungumzo yanaendelea. Anayepanda bila kutoa kitu mtaani kwetu ana jina lake, na si jina zuri. Nilikuwa napokea kama mtu anavyopokea maji ya kunawa.

Siku ile tulikuwa tunarudi. Tumeshaipita Sengerema, mke wangu mbele, jirani na wanawake wengine wawili nyuma. Kundi la ng'ombe likavuka barabara, nikasimama, likapita lote. Nilipoondoa gari, mtamba mmoja aliyekuwa ameshavuka akageuka kurudi, sijui alisahau nini. Ng'ombe sikumgonga. Nilitoka barabarani nikaangukia mtaroni, pua ya gari ikakutana na kalavati. Watu wote walitoka wazima, jirani akiwa amevimba goti. Mke wangu alikuwa ameukumbatia mguu wake kwa mikono miwili kama mtoto, na mguu ulikuwa salama. Nikamshukuru Mungu, kisha nikaishukuru bima kubwa. Nakumbuka niliwaambia wale wanawake pale pale kando ya barabara: msiwe na wasiwasi, hili lina mwenyewe.

Polisi walikuja, wakapima, wakaandika. Kampuni ikamtuma mkaguzi nyumbani, kijana mpole, mwenye viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Akalipiga gari picha kila upande. Kisha akasema angependa kuzungumza na waliokuwemo. Nikaona ni sawa. Jirani akawaita wenzake, wakaja wamevaa khanga safi, na akamwandalia mgeni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kavichemsha na karanga. Kijana alikula akasifu. Akauliza habari za ng'ombe, za mwendo, kama nilikuwa nimelala vizuri usiku uliotangulia. Wote wakanitetea vizuri sana.

"Na ninyi mama zangu," akasema, bado anatafuna, "mlipanda bure, au mlitoa chochote?"

Nilijua. Sijui niseme nilijuaje, lakini swali lile lilikuwa la bima. Nikamtazama jirani, nikamtolea macho, mke wangu akakohoa. Jirani hakutuona. Alikuwa ameshakaa wima kwenye kigoda chake kama mtu aliyetukanwa.

"Bure? Mwanangu, unatuonaje? Mimi na umri huu nidandie gari la mtu bure, mtu mwenyewe ana mgonjwa? Kila mmoja alitoa chake, tena kabla ya kuondoka."

"Na mimi nilizidisha," mwenzake akadakia, "kwa sababu nilikuwa na gunia."

Wa tatu akasema yeye hutoa hata akiwa hana, mara nyingine huleta kuku. Kijana akaandika. Wakamshukuru kwa kuja. Jirani alinigeukia akiwa na uso wa mtu aliyemlindia shemeji yake heshima, na mimi nikasema asante, maana ningesema nini.

Majibu yalikuja baada ya kuzungushwa sana: gari lilikuwa limebeba abiria kwa malipo, bima ni ya matumizi binafsi, kampuni haitalipa. Nilikwenda ofisini nikiwaka. Yule binti alinivutia kiti kile kile. Nikamweleza kwamba ule ni mchango. Huwezi kumkatalia mtu mchango, na huwezi kumwomba. Mchango wa harusi ni biashara? Mchango wa msiba ni biashara? Basi aandike kwenye mashine yake neno mchango.

"Baba, hakuna sehemu ya kuandika hivyo," akasema, na naamini alinionea huruma kweli. "Kuna bure na kuna malipo."

Nikiwa natoka, yule dereva wa mchomoko alipita barabarani, watu wamejaa hadi mapajani kwa dereva, akanipigia honi na kunipungia mkono. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu inafika Katoro na kurudi kutwa mara nyingi, na ninavyojua bado anaitembea.

Gari lilikaa uani na pua yake imeingia ndani. Mke wangu alirudi kwenye basi, jirani pembeni yake, na kila mara alirudi na mguu umejaa hadi gotini. Nilikuwa nalitazama lile gari asubuhi nikiwa napiga mswaki, nalitukana kimoyomoyo, na kampuni, na yule mtamba. Nilimnunia hata jirani, Mungu anisamehe, mpaka siku alipokuja na wanawake wa mtaa wamefunga pesa kwenye pindo la khanga. Wametoa pole. Mchango tena! Na fundi alipolinyoosha gari, sehemu kubwa ya kazi ile ililipwa kwa pesa hiyo, na mimi dume langu la bima lilikuwa limeliwa bure. Wala sikujua nimkasirikie nani.

Ilipofika kukata bima upya, niliuliza bei ya biashara. Binti akanitajia, nikacheka kwa uchungu. Nikakata binafsi tena. Nikarudi nyumbani nikamwita jirani, nikamwambia kwa ustaarabu wote nilionao: tangu leo kwenye gari langu hakuna kutoa chochote. Unapanda, tunakwenda, tunarudi.

"Nimesikia, shemeji," akasema.

Siku ya kliniki hakutokea. Mke wangu alipiga simu, akaambiwa ana kazi shambani. Mwezi ule hakuwa na shamba lenye kazi. Tukaenda wawili. Nilimwacha mke wangu mlangoni pa kile chumba, nikakaa kwenye gari, saa zikapita. Alipotoka bandeji ilikuwa ile ile ya asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye foleni isiyo yake. Walipoliita jina lake dirisha lingine hakusikia, na alipoelewa, chumba kilikuwa kimefungwa. Njia nzima hakunilaumu. Alitazama dirishani tu, na harufu ya kidonda ilikuwa imeanza kusikika ndani ya gari. Nilitamani anitukane.

Mwezi uliofuata nililitoa gari nje mapema, nikamsaidia mke wangu kupanda, nikashika ufunguo.

"Subiri," akasema.

Jirani akatoka kwao na mkoba wake na mito miwili ya kuegemeza mguu wa mke wangu. Akaniamkia. Hakusogea upande wangu kabisa. Alizunguka hadi dirishani kwa mke wangu, akamtia kitu kiganjani, na mke wangu akakifunga kwenye pindo la khanga bila kukitazama.

"Nimeshasema kuhusu jambo hili," nikasema.

"Hajakupa wewe, kanipa mimi."

"Kampuni haitauliza kapewa nani."

"Kampuni itaniingiza chooni?"

Nilichomeka ufunguo. Nilikuwa na hasira, maana nilijua tunakoelekea. Ng'ombe wa Sengerema bado wanavuka, na nimelipia kwa mwaka mzima bima ambayo tangu sekunde ile haikuwa na faida kwangu. Jirani akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaweka mito vizuri. Kisha akasema polepole, macho chini, kama mtu anayekiri wizi ambao bado hajaufanya:

"Shemeji, ikitokea la kutokea, wakaja kuniuliza tena, nitasema nilipanda bure."

Nilimwona kwenye kioo. Mama yule hajawahi kumdandia mtu maishani mwake.

"Waambie ulitoa," nikasema, nikawasha gari.